Mwalimu Aliyetoka Korea

Mwalimu alikuwa mtu wa kunusa. Ukimpa sahani, kabla hajasema asante aliinusa. Taulo alilinusa, kikombe alikinusa, na mtu akimpita koridoni alivuta pumzi kidogo kwa pua, kama mtu anayeangalia kama maziwa yamechacha. Siku ya kwanza alipokuja kutazama chumba cha nyuma cha nyumba tuliyopanga Toongabbie, magharibi mwa Sydney, alisimama mlangoni, akanusa, akaniambia, "Mama Neema, hapa kuna mtu amekaanga samaki."

Kweli nilikuwa nimekaanga samaki. Mimi mtu wa Tanga, nikipitisha wiki bila samaki naumwa kichwa. Akasema chumba kinamfaa, ila tujizoeze kufungua madirisha.

Tulikaa naye nyumba moja miaka yote ile ya korona. Sipendi kumsema mtu asiyekuwepo, lakini huyu yote nitakayoyasema hapa nilimwambia usoni, kwa hiyo hakuna siri. Alinitia kinyaa. Si kila siku, na si kwa kila jambo, lakini nikijumlisha miaka ile yote kinachobaki kinywani ni hicho.

Alikuwa Mkenya wa hamsini na kitu, mwembamba, shati limenyooshwa hata Jumamosi. Alifundisha Kiingereza Korea miaka mingi kabla hajaja Sydney. Kila mtu alimwita Mwalimu, kuanzia watu wa kanisani mpaka mume wangu, ambaye aliendelea kumwita hivyo hata siku alizotamani kumtoa nje kwa shingo.

Huyo mnusaji wa watu alikuwa anakata kucha za miguu kwenye kiti cha meza ya chakula. Alitandika gazeti chini, ndiyo, lakini kucha haijui mwisho wa gazeti. Asubuhi alisukutua koo kwa maji ya chumvi kwenye sinki la jikoni, pale ninapooshea mchele, kwa mlio ambao mpaka leo nikiusikia kwa mtu mwingine natoka chumbani. Na chumba cha kufulia alikifanya ghala la kimchi, ile kabichi ya Wakorea inayochachushwa kwa pilipili, vitunguu saumu na mchuzi wa samaki. Aliitengeneza mwenyewe kwenye ndoo, kifuniko kikawa kinainuka chenyewe kama kuna kiumbe ndani. Sare za shule za Neema, binti yangu, zikawa zinanuka. Nilipolalamika, Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba ile haikuwa harufu, ule ulikuwa utamaduni. Samaki wangu ndio walikuwa harufu. Nyani haoni kundule.

Korea alikuwa anaisimulia vizuri, hilo simnyimi. Alikwenda kwa masomo, masomo yakaisha, akaingia kufundisha kwenye zile shule za jioni ambako watoto hupelekwa wakitoka shule ya kawaida. Mkurugenzi wa shule alimkalisha ofisini siku ya kwanza, akamwambia wazazi hawatamleta mtoto ajifunze Kiingereza cha Mkenya. Kuanzia leo wewe umetoka Chicago.

Na akawa wa Chicago. Alijifunza mitaa ya Chicago kwenye ramani. Alijifunza majina ya timu zao na jinsi wanavyotamka neno "water". Watoto wakimuuliza theluji ya kwao ikoje, aliwaambia inafika magotini. Hakuwahi kukanyaga Marekani hata siku moja. Mume wangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi nilimuuliza alikuwa anafanyaje akikutana na Mmarekani wa kweli.

"Nilikuwa naumwa koo," akajibu. "Nikimwona Mmarekani tu, koo linaniuma."

Nikamwuliza kama haikumuuma rohoni. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la darasa la juu. Akasema ukikaa kwa watu, kaa kama wanavyokutaka, utakula. Huo ulikuwa msemo wake, na alikuwa nao mingi. Mwingine ulisema mtu hanuki kwa rangi yake, hunuka kwa uvivu wake. Alipenda kuutoa kanisani, kwenye chai baada ya ibada, mbele ya watu waliotoka kazini moja kwa moja bila kupata nafasi ya kuoga.

Kanisani kwetu wengi ni Warundi waliokulia kambini Kigoma, watu wakarimu, Kiswahili chao kina njia zake. Mtu akisema "kitabu yangu", Mwalimu alifumba macho kama aliyeumwa na nyuki. Siku moja mama mmoja alitoa ushuhuda mrefu wa jinsi alivyopoteza ndugu zake njiani, watu wanalia, na tulipotoka nje Mwalimu aliniambia kwamba kambi haimfundishi mtu lugha, inamfundisha foleni. Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza, lakini alitabasamu kidogo, kama mtu anayejua kwamba kasema maneno mazuri.

Yeye mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha mtihani na Kiingereza cha Chicago. Watoto wa Kikorea aliendelea kuwafundisha kwa kompyuta, kutoka chumba chetu cha nyuma, na wote walidhani mwalimu wao yuko Marekani. Mchana nikirudi kutoka kazini, kwenye makao ya wazee, nilimsikia ukutani akiimba herufi kwa sauti ile ya puani. Akizima kompyuta, anatoka, ananusa jikoni, ananiuliza kwa sauti ya kawaida kama leo tena ni samaki.

Hadithi za matembezi ndizo alizozipenda kuliko zote. Kila Jumamosi huko Korea alipanda mlima. Alisema milima ya kule imejaa wazee, mabibi wa miaka sabini wenye kofia na glavu wanaompita wakiongea, wakifika juu wanakaa, wanatoa matango kwenye mikoba, wanayakata na kumpa kila aliye karibu bila kumuuliza jina. Alikwenda masoko ya samaki ambako unachagua pweza akiwa hai, unamla bado anashika mdomo wako kwa mikono yake. Hapo Neema alikuwa anapiga kelele kwa raha, mimi natoka jikoni. Alikwenda na watoto wa chekechea shambani kuchimba viazi vitamu, kila mtoto na kofia ya njano, kila mtoto achimbe kiazi kimoja apigwe picha. Mwalimu walimpa kiazi kikubwa kuliko vyote akishike, wazazi wakapanga foleni kupiga naye picha.

"Mluhya mimi," alisema. "Nimekimbia jembe la mama yangu, nimesoma, nimepanda ndege, nakwenda kuonyeshwa kiazi Korea."

Hiyo ilinichekesha. Nisiseme hakunichekesha.

Lakini kulikuwa na hadithi ya bafu. Kule watu huoga pamoja, wanaume upande wao, wanawake upande wao, uchi, kwenye madimbwi ya maji ya moto ndani ya jumba. Siku ya kwanza Mwalimu alipoingia majini, wenzake walitoka mmoja mmoja, taratibu, bila kusema kitu. Akabaki peke yake mpaka vidole vikakunjamana. Kisha mzee mmoja alimfuata, akamgeuza, akamsugua mgongo kwa kitambaa cha kukwaruza mpaka ngozi ikawaka, halafu akakiinua kile kitambaa awaonyeshe wengine. Kilikuwa na taka ya kijivu, kama ya kila mtu. Wakacheka wote, wakarudi majini.

Mwalimu alipoisimulia alikuwa anacheka. Aliigiza wale waliotoka majini, jinsi walivyojifunika kwa mikono, na aliwaigiza kwa mapenzi. Neema alicheka, baba yake akacheka. Mimi niliinuka nikaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Kilichonichefua si yule mzee na kitambaa chake. Ni kwamba katika hadithi ile Mwalimu alikuwa upande wa wale waliotoka majini. Alijicheka pamoja nao.

Sasa niseme na wema wake, maana alikuwa nao, na ndio ulionifanya nishindwe kumfukuza mapema. Shule zilipofungwa, Neema alikuwa anasomea kwenye meza ya jikoni, na Mwalimu ndiye aliyekaa naye. Mimi sikuweza kukosa kazi. Wazee hawafungwi kama duka. Baba yake alikuwa ghalani Wetherill Park kutoka alfajiri. Mwalimu hakumpandishia sauti mtoto yule hata siku moja. Alimmenyea pea kwa ganda moja refu lisilokatika, akamkatia vipande, akaviweka karibu na mkono wake bila kusema kitu. Neema Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, mimi nimeongea mpaka nimechoka. Kwa Mwalimu alijifunza salamu za Kikorea na akawa anainama akinipa glasi ya maji. Nilikuwa namshukuru na kumchukia kwa pamoja, na kupika katika hali hiyo ni kazi.

Upande wa dirisha lake, nyuma ya uzio, alikaa bibi wa Kikorea peke yake. Mwanawe alifanya kazi nchi nyingine. Kabla ya Mwalimu kuja, mimi na bibi yule tulipungiana mikono tu, kila mtu na kamba yake ya nguo. Asubuhi moja Mwalimu alifungua dirisha akamwamkia kwa Kikorea. Bibi aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kulia, shati bichi mkononi.

Tangu hapo akamwita sonsengnim, ndivyo Wakorea wanavyomwita mwalimu kwa heshima. Alimpitishia figili juu ya uzio, na pilipili za kusaga, na sahani zilizofunikwa. Mwalimu akisimama pale alikuwa mtu mwingine. Mikono mbele, kichwa chini kidogo, sauti laini. Bibi alimsahihisha matamshi, naye alisahihishika, yule aliyekuwa anafumba macho Warundi wakiongea. Nikiwatazama kutoka dirisha la jikoni nilijiambia, haya, kumbe ana moyo, ameuweka upande ule wa uzio.

Kisha ukaja ule mwezi ambao korona ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, watu wanagombania karatasi za chooni madukani. Mimi na Mwalimu tulikwenda Parramatta kununua vyakula, tukarudi kwa treni. Behewa lilikuwa nusu tupu. Mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa bibi yetu na kigari chake cha sokoni, amevaa barakoa. Wakati ule waliovaa barakoa walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa na sura kama yake. Hakuwa ametuona.

Westmead alipanda mwanamume mmoja mnene. Alimtazama bibi, akaanza. Alimwambia arudi China na ugonjwa wake. Bibi hakuelewa, alimpisha nafasi, akidhani anataka kupita. Yule akainama mpaka usoni kwake, akapaza sauti, akakisukuma kigari kwa mguu. Viazi vikabiringika chini ya viti.

Ndipo bibi alipogeuka kutafuta msaada, akamwona Mwalimu. Uso wake wote ulifunguka. Aliinuka nusu, akamwita, sonsengnim, sonsengnim.

Mwanamume akageuka akamwuliza Mwalimu kama anamfahamu mwanamke huyu.

Mwalimu alijibu kwa ile sauti ya Chicago. Alisema hajawahi kumwona maishani mwake. Akaokota mfuko wake, akanusa hewa, hilo niliona kwa macho yangu, akapanda ngazi kwenda ghorofa ya juu ya behewa.

Nilikwenda nikakaa pale kando ya bibi, nikamshika mkono. Kazini kwangu nimezoea wagomvi, ila wale wana miaka tisini. Huyu alinitukana na mimi, kwa neno ambalo sitaliandika, akatema mate karibu na viatu vyetu, akashuka Pendle Hill. Bibi alikuwa ameushika mkono wa gauni langu kwa vidole vyote. Hakuwa anaangalia mate wala viazi. Alikuwa anaangalia ngazi.

Tuliposhuka Toongabbie, Mwalimu alikuwa tayari ameshavuka daraja la stesheni, mgongo wake unaonekana mbele, shati limenyooka. Mimi na bibi tulivuta kigari pamoja mpaka kwake.

Nilimkuta jikoni ananawa. Alinawa muda mrefu, kucha kwa kucha. Nilimwuliza ni nini kile alichokifanya.

Hakugeuka. "Mama Neema," alisema, "miaka yote niliyokaa kule, kiti cha kando yangu kwenye treni kilikuwa hakikaliwi. Treni imejaa, watu wamesimama, wamechoka, kiti kiko wazi. Hakuna bibi hata mmoja aliyekuja kukaa."

"Huyu si wao. Huyu alikupa figili."

Akafunga bomba, akajifuta kidole kimoja kimoja. Akasema alikuwa amechoka, akaingia chumbani.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na sikatai kwamba lina ukweli. Mtu anaweza kunyanyaswa mpaka akaharibika. Lakini kwa nini alikuwa anawacheka wale wa bafuni kwa mapenzi, halafu kisasi akakipeleka kwa bibi aliyelia kwa kusalimiwa? Wenye nguvu aliwasamehe wote. Aliyemdai ni yule asiye na nguvu. Hapo ndipo kinyaa changu kilipopata mahali pa kukaa.

Uzio ukanyamaza. Figili zikakoma. Bibi akawa hatoki, isipokuwa kuanika nguo, haraka haraka, bila kuinua macho. Niliacha chakula langoni kwake, sahani zikarudi zimeoshwa. Mimi na yeye hatukuwa na lugha. Aliyekuwa na lugha alikuwa anapita njia ya mbele.

Mwaka uliofuata, baridi, sisi wa magharibi mwa Sydney tulifungiwa kweli. Hakuna kwenda mbali na nyumbani, polisi kwenye vituo, helikopta juu ya mapaa. Ruhusa ilikuwa kutembea kidogo, na Mwalimu alimchukua Neema kila alasiri kando ya kijito, akimsimulia milima ya Korea kana kwamba wanaipanda. Neema alirudi mashavu yamechangamka, ananiuliza kwa Kiingereza kama tutaenda siku moja. Nilisema tutaona.

Asubuhi moja nilikuwa na siku ya mapumziko, nikatoka kutupa taka. Nikasikia sauti nyembamba nyuma ya uzio. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Bibi alikuwa amelala ubavu chini ya kamba ya nguo, kwenye nyasi zenye umande, mguu umepinda vibaya. Nguo alizokuwa ameanika zilikuwa zimeanza kukauka ncha. Alikuwa pale muda mrefu.

Nikageuka kutazama dirisha la Mwalimu. Dirisha lile alikuwa analiacha wazi kila asubuhi, hata kwenye baridi, kwa sababu ya harufu zangu. Lilikuwa limefungwa, na pazia limevutwa.

Nilimwita Neema apige simu ya ambulensi, nikazunguka kwa bibi na blanketi. Alikuwa anatetemeka, ananishika, anasema maneno mengi, na mimi sielewi hata moja ila sonsengnim. Wahudumu walipofika, wamejifunika kwa plastiki kutoka kichwani mpaka miguuni, bibi aliwaona akaogopa zaidi, akawasukuma. Walihitaji kujua ameanguka lini, anatumia dawa gani, ana maumivu wapi. Walianza kumtafuta mkalimani kwa simu, simu inawasubirisha, muziki unapigwa.

Nilikimbia nikafungua mlango wa Mwalimu bila kubisha. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati na tai, mikono mapajani. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Njoo uongee naye," nikasema. "Maneno mawili tu. Usimame hata kwenye uzio."

"Waambie sipo."

"Mwalimu, ulimsikia?"

Alisema akisogea pale wataandika jina lake, atawekwa karantini, atakosa madarasa. Nilibaki mlangoni. Chumba kilikuwa kinanukia sabuni.

Nilirudi peke yangu. Mkalimani alipatikana mwishowe, sauti ya msichana kwenye simu, wakaiweka sikioni kwa bibi, na polepole akaacha kusukuma. Walimbeba. Hakurudi tena kwenye nyumba ile. Nyonga ilikuwa imevunjika, na kwa kuwa mwanawe alikuwa amefungiwa nje ya nchi, hospitali walimpeleka kwenye makao ya wazee, si yale ninayofanyia kazi. Miezi michache baadaye nyumba ikapata wapangaji wengine.

Mume wangu alitaka Mwalimu aondoke siku ileile. Lakini kuhama wakati ule kulikuwa tabu, na mtu huwezi kumweka barabarani. Tukaishi naye wiki zile bila maneno. Aliendelea kunusa sahani. Neema hatukumwambia kila kitu, lakini naye alikuwa ameliona lile pazia kutoka nje wakati anapiga simu, na akaacha kwenda kijitoni.

Siku alipohama nilimsaidia kubeba ndoo ya kimchi mpaka kwenye gari, kwa sababu nilitaka itoke. Aliniambia hapo, bila mimi kumwuliza, macho yakiwa kwenye ndoo:

"Ulitaka nimtazame usoni, baada ya treni ile?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hicho ndicho nilichotaka."

Alihamia Doonside, kwa familia ya Warundi wa kanisani. Walimpa chumba kikubwa kuliko changu.

Pasaka ya mwaka uliofuata, dunia imefunguliwa, tulialikwa kwenye ubatizo nyumbani kwa watu hao. Mwalimu ndiye alikuwa kwenye jiko la nyama, uani, aproni kifuani, watu wamemzunguka. Wengi walikuwa wageni, wamefika hivi karibuni. Alikuwa amezeeka. Alikuwa anasimulia Korea, nami nilipita na sahani yangu nikijua nitasikia matango au kiazi. Nikatia kipande cha nyama mdomoni.

Lakini haikuwa Korea. Alikuwa anawasimulia jinsi wakati wa korona jirani yake, bibi wa Kikorea, alivyoanguka uani, na jinsi alivyoruka uzio, akapiga magoti kwenye umande, akamshika mkono na kumtafsiria kila neno mpaka wahudumu wakashangaa. Alisimulia vizuri. Alikuwa na umande, alikuwa na muziki wa simu, alikuwa na blanketi. Mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa khanga.

Akainua uso, akaniona. Hakusimama. Aliongeza maneno mawili, kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Si ndiyo, Mama Neema?"

Kile kipande kilikataa kushuka. Mimi nimelelewa Tanga, na kwetu chakula cha watu hakitemwi. Nilikitema kwenye karatasi, nikaikunja.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Alikuita. Hukwenda."

Mafuta yalilia kwenye makaa. Mwalimu akageuza nyama. Akawaambia watu, kwa Kiswahili chake safi, kwamba Mama Neema siku hiyo alikuwa kazini, ameisikia habari kwa wengine. Na watu wakarudi kwake. Mwenye nyumba alinishika bega akanivuta kando. "Usikasirike, dada yangu," alininong'oneza. "Mwalimu ni mutu muzuri. Anafundisha batoto yetu bure." Nilimwambia najua. Ilikuwa kweli, alikuwa anawafundisha.

Tulipokuwa tunaingia garini Mwalimu alinifuata mpaka getini, aproni bado kifuani. Alisubiri mume wangu afunge mlango wake. Nilidhani atanigombeza, au ataomba radhi, na sikujua kipi kingenichefua zaidi.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Kuna nesi wa Kikorea pale, ndiye anayenitafsiria nikienda. Kila Jumapili bibi anakuulizia. Anataka kujua kama ulipona."

"Kupona nini?"

"Anaamini ulikuwa mgonjwa siku ile. Ndiyo sababu hukutoka."

Mwalimu alishika geti. Nilimtajia jina la makao yale, na mtaa, na basi la kupanda kutoka Blacktown. Akalirudia jina mara mbili ili asilisahau, kwa sauti yake halisi, si ya puani.

Hiyo ilikuwa Pasaka. Sasa ni mwezi wa kumi na moja, jakaranda zinaangusha maua barabarani. Jumapili iliyopita bibi aliuliza tena, nesi akatafsiri, na mimi nikasema kile ninachosema kila wiki, kwamba Mwalimu hajapona bado.